Mkono wa Dhikri, Miguu ya Ulevi

Arobaini ya mke wangu Tatu ilisomwa nyumbani kwangu Boko, na katika watu wa mwisho kufika alikuwa shemeji yangu Salehe, mdogo wake marehemu. Nilikuwa nimekaa ukumbini nikiwatazama wageni wakivua viatu. Salehe alivua vyake, akashika mwimo wa mlango, akataka kuingia, na mguu haukwenda. Ulibaki pale pale, kisigino juu, vidole chini, ukitetemeka kama vile sakafu imeunasa. Nyuma yake watu wakaanza kusongamana. Mmoja akasema, "Pita basi, mzee mwenzangu, pilau inapoa," na wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha matangani. Mimi sikucheka. Niliweka kikombe chini, kwa sababu nilikuwa nimeliona jambo lile lile zaidi ya miaka hamsini nyuma, mlangoni vile vile, na mwenye mguu alikuwa baba yao.

Baadaye Salehe aliniambia kwamba hospitali wamempa jina la ugonjwa. Unaitwa Parkinson. Alilitamka polepole kama mtu anayesoma kibao cha duka. "Daktari kasema hauambukizi, shemeji, wala sijarogwa. Ubongo tu ndio unachelewa kuipa miguu amri." Niliitikia kwa kichwa, lakini ndani nilikuwa nimeduwaa. Kumbe lina jina! Sisi wakati ule tuliliita kwa majina yetu wenyewe, na moja katika hayo lilitoka mdomoni mwangu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu na kalamu yangu ni nzito, lakini sitaki kufa na habari hii, kwa hiyo nitaiandika hivyo hivyo, taratibu.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Hitla viishe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, napiga pasi kwa dobi mmoja upande wa Keko, na nilikuwa na haya kupita kiasi. Nilivyofika Temeke na walionizaa si habari ya leo. Yatosha kujua kwamba niliishi kwa ami yangu, Ami Shomari, mtu wa msikitini, mkali, ambaye neno lake likishatoka halikurudi. Yeye ndiye aliyepeleka posa ya Tatu kwa baba yake, Mzee Pazi, fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, na yeye ndiye aliyenijulisha kwamba posa imekubaliwa. Nilisema, "Ahsante, ami," nikatoka nikaenda kufurahi peke yangu nyuma ya choo.

Chumba cha mbele cha Mzee Pazi ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi. Vitanda visivyowambwa vilisimamishwa ukutani, miguu ikitazama nje, na kila pembe kulikuwa na mafundo ya kamba za usumba zilizonuka makumbi ya nazi yaliyolowekwa. Mchumba hatakiwi kuzoea ukweni, lakini Ami alinituma kila Jumapili na kitu mkononi, samaki au sukari, ambayo siku zile bado ilikuwa ya shida, na Mzee Pazi hakukubali niondoke bila kula. Bi Hawa, mkewe, alikuwa akitenga bada la muhogo na kisamvu cha nazi, kisha anarudi uani na Salehe mgongoni, akiwa bado mtoto wa kunyonya. Tatu sikumwona, nilisikia tu kinu chake. Mimi nilikaa mkeka wa peke yangu karibu na mlango, macho chini, miguu nimeikunjia nyuma chini ya kanzu, kwa sababu kwetu mkwe hatazamwi usoni, haguswi, wala mguu wako hauelekezwi kwake. Na kwa kuwa sikuweza kumtazama uso, nilimtazama mkono. Mkono wake wa kulia ukiwa hauna kazi, umelala pajani, kidole gumba kilikuwa kikisugua cha shahada, taratibu, bila kukoma, kama mtu anayehesabu tasbihi. Tasbihi yenyewe haikuwapo.

Siku moja niliwasikia wanawake wakizungumza nyuma ya ukuta. "Mwenzangu, huyo mumeo mkono haulali," jirani alisema.

"Anamtaja Mungu, shoga," akajibu Bi Hawa.

"Hata usingizini?"

"Usingizini unatulia. Malaika nao si wanapumzika?" Wakacheka mpaka kinu kikasimama.

Mtaa mzima uliuamini mkono ule. Ami Shomari hakusifu watu, lakini alimsifu Mzee Pazi. "Mtu anayesabihi bila tasbihi," aliniambia tukiwa tunakula, "binti yake unaoa umefumba macho." Miguu yake hakuna aliyeizungumza. Mimi niliisikia kabla ya kuiona, shwa, shwa, shwa, kama mtu anayefagia, nikadhani ni uzee. Leo nikihesabu, hata miaka sitini alikuwa hajafika.

Siku niliyomwona akitembea ilikuwa baada ya alasiri, natoka kazini. Njia ya kurudi kwetu ilipita nyumbani kwa mgema mmoja aliyeuza tembo barazani pake, na jirani yake alikuwa na ua wa makuti uliochakaa, haukufika chini. Nilikuwa nyuma ya ua ule, miguu mitupu, nakata kona, nilipomwona Mzee Pazi anakuja na fundo la kamba begani. Alikuwa ameinama mbele. Hatua zake zilikuwa fupi mno, za nusu unyayo, na zilizidi kuwa za haraka, kama vile kichwa kinakimbia na miguu inakifukuza isikipate. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akikimbia bila kutaka kukimbia. Aliunyoshea mkono mti wa baraza, akaukosa, akaenda chini mzima mzima, uso kwenye mchanga, karibu na ua.

Wanywaji walishangilia. "Karibu, mzee! Umeanzia wapi leo?"

"Mwacheni," akasema mwingine, "fundi wa vitanda kajitandikia mwenyewe!"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Tulitenganishwa na makuti tu. Nilisimama pale nimeganda. Nilijiambia kwamba mkwe haguswi, kwamba akijua nimemwona katika hali ile atafedheheka zaidi, kwamba kuondoka ndiyo heshima. Watu wenye haya tuna akili nyingi sana za namna hii. Nikageuka, nikazunguka njia ya nyuma. Aliinuliwa na nani, au aliinuka mwenyewe, sikujua.

Nyumbani Ami alikuwa anachukua udhu. "Mbona umechelewa?"

"Nimemwona Mzee Pazi, ami. Pale kwa mgema."

Akaacha kumimina maji. "Kwa mgema? Ana hali gani?"

Nilitafuta maneno. Habari nzima ilikuwa ndefu, na mimi pia nilikuwa ndani yake. Nikachukua neno moja tu. "Anayumba," nikasema.

Ami aliniangalia kwa muda, birika likiwa mkononi. Kisha akaendelea na udhu wake. Nami nilijua vizuri jinsi neno lile lilivyomwingia, maana Temeke ukisema mtu anayumba, tena kwa mgema, hukubakiza kitu. Sikusema kwamba amelewa. Lakini nilikuwa na usiku mzima, na kesho yake, na siku zilizofuata, za kusema kwamba sikusikia harufu, kwamba sikumwona akinywa, na sikusema.

Mambo hayakuchukua wiki. Ami alikwenda kwa Maalimu wa msikiti, akarudi na hukumu aliyokuwa ameitaka. Katika madhehebu yetu walii wa binti, yaani yule anayetamka maneno ya kumwoza, asiwe fasiki, na mlevi ni fasiki. Posa ibaki, lakini Mzee Pazi akae kando, mdogo wake aoze. Mshenga wetu, Bwana Kitwana, mtu wa maneno mengi na kofia iliyokaa upande, akatumwa kuupeleka ujumbe huo. Mimi nilikuwa uani naosha miguu aliporudi kutoa majibu, nikasikia yote.

"Nimempa maneno mazito, Shomari, mazito kweli," alisema Kitwana. "Uso haukubadilika. Nakwambia hata jicho halikupepesa! Mtu mwenye aibu si hubadilika uso? Huyu mkavu kama ubao."

"Kasema nini?"

"Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, kwa sauti kama ya mtu aliyemo kisimani, 'Mwambie Shomari, binti yangu nitamwoza kwa mdomo wangu, au haolewi na kijana wake. Siku ya nikahi nitakuja msikitini kwa miguu yangu, mchana, kila mtu anitazame. Nikishindwa kuingia, barua yenu ya posa irudi.'"

"Aje, basi," Ami akasema.

Nilimaliza kuosha mguu mmoja, nikaosha ule ule tena. Kwa neno langu moja mzee yule alikuwa anavuliwa ubaba mbele ya watu, na Tatu, ambaye hata sauti yake sikuijua vizuri, alikuwa anakaribia kuachwa na posa kwa kisa cha ulevi wa baba. Binti aliyeachwa hivyo mtaani kwetu, nani angempelekea barua nyingine? Siku mbili baadaye nikajitia ujasiri, nikaenda ukweni bila kutumwa, nimeazimia kukiri.

Mlango ulikuwa wazi. Bi Hawa na Tatu walikuwa wamekwenda kisimani. Mzee Pazi alikuwa amesimama katikati ya njia inayotoka chumba cha kazi kwenda ukumbini, mkono mmoja ukutani, mgongo umepinda, jasho linamtiririka shingoni. Hakugeuka.

"Nani?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Zunguka uani, mwanangu. Hapa pamezibwa." Nilikawia kuelewa kwamba alikuwa anafanya utani, na kwamba kilichoziba njia ni yeye mwenyewe.

"Unaumwa, mzee?"

"Siumwi. Nimesimama. Nimesimama tangu walipotoka." Sauti ilikuwa ndogo hata nikasogea. "Tazama chini. Kuku amepita."

Nikatazama chini. Kutoka kwenye kigoda chake cha kazi mpaka miguuni pake kulikuwa kumelazwa vipande vya kamba sakafuni, kimoja baada ya kingine, kukingama njia, vimepangwa sawasawa kama vipago vya ngazi. Kipande cha mwisho kilikuwa kimeburutwa pembeni. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa uchawi. Sote tulikuzwa tukiambiwa mtu mwenye ugonjwa wa miguu amekanyaga kitu alichotegewa, na hapa mwenye nyumba alikuwa anajitegea mwenyewe.

"Iweke ile kamba mbele ya kidole changu," akasema. "Ikingame."

Nilipiga magoti nikaiweka. Aliitazama. Kisha mguu uliokuwa umeota sakafuni ukanyanyuka, juu, kama wa kijana anayeruka mfereji, akaivuka kamba, akaingia ukumbini kwa hatua nne ndefu zilizonyooka, akakaa. Nilibaki kwenye magoti, mdomo wazi. Ningemwona ameruka ukuta nisingeshtuka zaidi.

"Nikiwa na kitu cha kuvuka, miguu inakumbuka," alisema. "Pakiwa patupu, inasahau. Ilianza mwaka juzi. Bi Hawa huziokota kamba, anadhani ni taka za kazi, nami namwacha. Kamba zikikingamishwa mlangoni, watu watasema nini?"

"Watasema uchawi, mzee."

"Basi bora pombe. Pombe angalau mtu hutubu."

Nikamwuliza siku ya nikahi atafanyaje. Akasema barabarani kuna vivuli na alama za magurudumu, na ndani ya msikiti kuna mikeka, mikeka ina mistari, akishafika mikekani amefika. "Na mlangoni?" nikauliza. Mlango wa msikiti wetu ulikuwa na kizingiti cha saruji, kipana, kimelingana na sakafu, kitupu kama kiganja. Badala ya kujibu akasema, "Ulikuja na jambo?"

Neno lilikuwa limefika kwenye meno. "Hapana, mzee," nikasema. "Nilikuja kukuamkia."

Mwezi uliopita nilimsindikiza Salehe hospitali. Dada mmoja mdogo wa mazoezi, hata miaka thelathini hana, alichukua utepe wa kunata, akabandika mistari kwenye sakafu ya ukumbi, mmoja, wa pili, wa tatu, akamwambia, "Haya baba, vuka mistari." Na Salehe, aliyekuwa ameganda kama mti, akaenda. Dada akapiga makofi. Mimi nilitoka nikakaa kwenye benchi nje. Nilimsikia akimweleza kwamba wagonjwa wengi husaidiwa hivi, ni jambo linalojulikana. Linajulikana! Na Mzee Pazi aliligundua peke yake, kwenye chumba cha udongo, akalificha kama mwizi.

Nikahi ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri. Nilikuwa ndani, mbele karibu na Maalimu, nimevaa kanzu niliyoipiga pasi mwenyewe mara mbili. Ami Shomari alikuwa kulia kwangu, Bwana Kitwana nyuma yetu, na msikiti ulijaa kuliko kawaida, maana habari ilikwishaenea na watu walikuja kutazama miguu ya mtu. Tulimsikia kabla hajafika, shwa, shwa, na minong'ono ikimfuata. Alivua makubadhi, akaosha miguu, akageuka kwa hatua ndogo nyingi kama mtu anayezunguka juu ya sahani. Akafika kizingitini. Akakwama.

Mwanzoni watu walidhani anasoma dua ya kuingia. Kisha dua ikawa ndefu mno. Kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka, vidole havibanduki, na kiwiliwili kikaanza kwenda mbele peke yake. "Hata leo?" nilisikia mtu akisema. "Siku ya kumwoza mwanawe, hata leo kanywa?"

"Maalimu," akasema Ami, hakupaza sauti, "umeona mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua kwamba nimesimama. Mimi, ambaye nilikuwa napita nyuma ya nyumba nisisalimiane na watu wawili, nilikatiza msikiti mzima huku macho yote yakinifuata. Hapakuwa na kamba. Sikuwa na kitu mkononi. Nilifika mbele ya mkwe wangu, nikauchomoa mguu wangu wa kulia chini ya kanzu, mtupu, nikaukingamisha mbele ya vidole vyake.

Msikiti ulipiga ukelele. "Astaghfirullah!" Kitwana alisema. "Anamtega mkwewe!" Na Ami, nyuma yangu, "Wewe! Una wazimu?"

Mzee Pazi aliutazama mguu wangu. Aliutazama kwa muda mrefu, zaidi ya alivyoitazama kamba. Kisha akanyanyua wake, akauvuka, akakanyaga mkeka, na mistari ya ukindu ikampokea, mwekundu, mweusi, mwekundu, hatua ndefu zilizonyooka mpaka kwa Maalimu, akajiachia chini kama mzigo. Maalimu alimwinamia, akavuta pumzi puani bila kuficha, akainua kichwa. "Huyu ananuka usumba," alisema. "Shomari, njoo unuse mwenyewe." Ami hakwenda. Alikuwa anatazama kizingiti.

Tukakalishwa uso kwa uso, mkono wangu wa kulia ndani ya wake, kama inavyotakiwa. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua mkono wangu. Maalimu akamwambia aanze. Midomo ya Mzee Pazi ikacheza, na maneno yaliyotoka hayakuwa ya nikahi.

"Hatukusikia, mzee," Maalimu akasema.

Akarudia. Sauti ilinifikia mimi tu.

"Kijana, mkweo amesema nini?"

Ningeweza kusema neno moja, lolote. Nilikuwa na mazoea nalo. Nikawatazama watu, nikasema kwa sauti ambayo mpaka leo siijui niliitoa wapi: "Amesema mguu huu anaujua. Una kovu la pasi. Siku aliyoanguka kwa mgema uso wake ulikuwa chini, akauona mguu huu chini ya ua. Akausubiri uje. Ukageuka."

Ami Shomari alinigeukia polepole. "Uliniambia anayumba."

"Ndiyo, ami. Sikukwambia kwamba alianguka, wala kwamba nilimwacha. Pombe sikuiona."

Hapo nilisubiri mkono wangu uachiwe. Ilikuwa haki yake, na kila mtu mle ndani alikuwa akingoja hivyo hivyo. Nilihisi vidole vyake vikikaza, na mtetemo, badala ya kupungua, ukazidi, ukapanda mpaka kwenye kiwiko changu. Uso wake ulikuwa mkavu, usingeweza kusoma chochote pale. Aliinua kidevu, akameza mate, akaivuta sauti kutoka mbali sana, na safari hii hata wale waliokuwa nje kwenye makubadhi waliisikia.

"Maalimu," alisema, "soma. Nitafuatisha."